Daktari wa Mpakani: Kliniki Yake au Mshahara wa Shirika?

Askari wa Uganda aliyeko zamu Somalia, nchi ambako majeshi ya Uganda yaliingia Machi 2007, hana wasiwasi mkubwa juu ya tiba yake mwenyewe. Kikosi kina daktari, na akijeruhiwa vibaya zipo taratibu za kumsafirisha. Wasiwasi wake uko nyumbani. Ikiwa mkewe, mama yake na watoto wake wanaishi Kirewa, katika Budama Magharibi, wilayani Tororo, basi swali la nani atakayempasua mama aliyeshindwa kujifungua usiku wa manane lina uzito kwake kuliko mengi yajadiliwayo magazetini. Polisi alindaye mpaka wa Busia, awe wa Kenya au wa Uganda, yu katika hali hiyo hiyo. Kwa sababu hiyo twaona inafaa kulizungumza leo jambo ambalo kwa juujuu laonekana kuwahusu madaktari peke yao: je, daktari aliyekwisha kuhitimu na kusajiliwa afungue kliniki yake mwenyewe, au akaajiriwe na shirika kubwa la matibabu?

Swali hili halikuzaliwa Afrika Mashariki. Marekani, nchi iliyokuwa ikijivunia daktari mwenye kliniki yake mtaani, imeona mageuzi makubwa. Kwa hesabu za chama cha madaktari wa nchi hiyo, mwaka 2012 madaktari 60 katika kila 100 walifanya kazi katika kliniki zinazomilikiwa na madaktari wenyewe. Mwaka 2022 walikuwa wamepungua hadi 47. Wengi wa waliosalia wamo katika ajira ya mahospitali makubwa na makampuni ya wenye mitaji. Wanaohama husema wamechoshwa na makaratasi ya bima na gharama za mashine. Wanaobaki husema hawataki mtu asiyejua tiba awapimie dakika za kumtazama mgonjwa. Pande zote mbili zina hoja, lakini hoja hizo zachukulia kwamba mgonjwa atampata daktari, liwe liwalo. Tofauti ni mlango atakaoingilia tu. Kirewa mambo hayako hivyo.

Kwa mpango wa Serikali ya Uganda, gombolola kama Kirewa hustahili Kituo cha Afya cha Daraja la Tatu, ambacho huongozwa na afisa tabibu wala si daktari. Hapo hupimwa malaria, huzalishwa akina mama wasio na matatizo, na watoto hupewa chanjo. Daktari mwenye shahada, pamoja na chumba cha upasuaji, hutazamiwa kupatikana katika Daraja la Nne, kama vile Nagongera, au katika Hospitali Kuu ya Tororo. Mjini Tororo iko pia Hospitali ya Mtakatifu Anthony ya Kanisa Katoliki. Na katika wilaya ya Busia iko Masafu, iliyo ya Serikali, na Dabani, iliyo ya misheni. Kwa hiyo mwananchi wa Kirewa hamchagui daktari. Humfuata alipo, na aghalabu humfuata juu ya bodaboda. (Neno hilo lenyewe, ambalo siku hizi latamkwa Dar es Salaam kana kwamba ni la huko, lilizaliwa katika mpaka huu huu, wenye baiskeli walipokuwa wakiwaita abiria wa kuvushwa kutoka upande mmoja hadi wa pili.)

Wala si kwamba maradhi ni haba. Watafiti waliowachunguza mbu wa Tororo mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuta kwamba mtu mmoja aliweza kuumwa na mbu wenye vijidudu vya malaria zaidi ya mara 500 kwa mwaka, kiasi ambacho mahali pachache duniani pamewahi kukifikia. Unyunyizaji wa dawa majumbani ulioanza mwishoni mwa mwaka 2014 ulishusha malaria kwa kiasi kikubwa, na Nagongera ikawa jina linalofahamika katika majarida ya sayansi ya ng'ambo. Mahali penye kazi nyingi namna hii, mtu angetazamia madaktari wapiganie nafasi. Hawapiganii.

Tumfikirie daktari anayetaka kufungua kliniki yake Kirewa. Atahitaji nyumba, leseni ya kila mwaka kutoka Baraza la Madaktari, muuguzi, mpima maabara na darubini yake, jokofu la chanjo na dawa, na umeme usiokatika au sola ya kutosha. Hayo yote ni fedha taslimu, zitolewazo kabla mgonjwa wa kwanza hajakohoa. Wagonjwa wenyewe ni wakulima wa mpunga, mtama na mihogo, ambao fedha yao huja baada ya mavuno ilhali homa yao huja na mvua. Watatibiwa leo na kulipa baadaye. Wengine watalipa nusu. Na daktari mwenye utu hawezi kumwacha mtoto akitetemeka kwa sababu mpunga wa baba yake bado u shambani. Kando yake pana duka la dawa, ambalo humuuzia mtu vidonge vinne bila kumpima wala kumuuliza, kwa bei ambayo daktari hawezi kuishindana nayo. Baada ya mwaka mmoja au miwili daktari huyo atahamia Tororo mjini, au Malaba, au Busia, kwenye madereva wa malori, wafanyabiashara na mawakala wa forodha. Huko fedha hupita kila siku.

Hatumlaumu. Utabibu wa binafsi una heshima yake. Daktari ni bwana wa nafsi yake, huwajua wagonjwa wake kwa majina na kwa ukoo, na hakuna mkubwa wa mbali awezaye kumhamisha. Walakini una hatari ambayo madaktari wenyewe huizungumza kwa sauti ya chini: ushauri haulipi, sindano hulipa. Mwenye kliniki aliyekwisha kulipa kodi ya nyumba kwa shida, akimkabili mgonjwa ambaye dawa yake ni kupumzika na kunywa maji, hujaribiwa kumwandikia dripu. Si lazima awe mwovu. Ni hesabu ya kitabu chake ndiyo inayomsukuma mkono.

Tumtazame sasa yule aendaye kwenye shirika kubwa. Nairobi kuna AAR, iliyoanza mwaka 1984, na kuna hospitali za Aga Khan ambazo matawi yake yameenea hadi miji ya magharibi ya Kenya. Kampala kuna C-Care, kampuni yenye mizizi yake kisiwani Mauritius. Daktari aliyeajiriwa huko hupata mshahara wake mwisho wa mwezi bila kumdai mtu. Zipo mashine, wapo mabingwa wa kuwauliza, na akiugua yupo wa kushika zamu yake. Kwa upande wake hukubali kuhesabiwa wagonjwa, kuomba ruhusa ya kampuni ya bima kabla ya kipimo cha bei kubwa, na kuondolewa mkataba siku faida ikipungua.

Jambo la kuzingatia ni lile linaloyashikilia mashirika hayo, nalo ni bima. Bima ya namna hiyo hushikiliwa na hati ya mshahara: mwajiri hukata, kampuni hulipa, mgonjwa huonyesha kadi. Kirewa hakuna hati za mshahara ila za walimu wachache, wauguzi na askari. Nchini Uganda, Bunge lilipitisha mswada wa bima ya afya ya taifa mwezi Machi 2021, lakini mswada huo haukupata saini ya Rais. Upande wa Kenya, mfuko wa zamani wa NHIF ulivunjwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii ikaanza kazi Oktoba 2024. Mkulima wa Busia ametakiwa kujiandikisha na kuchanga kama mtu mwenye mshahara, jambo ambalo ni rahisi kuandikwa katika sheria kuliko kutendeka shambani. Maadamu hali ni hii, shirika kubwa halitakuja Kirewa. Basi yule mwenye kliniki na yule mwajiriwa wa kampuni, ambao hubishana sana mijini, kwa macho ya mwanakijiji wamefanya uamuzi mmoja: wote wawili wameifuata fedha, na fedha haiko kwake.

Tororo, hata hivyo, ilipata shirika kubwa la namna yake, nalo halikuwa kampuni ya biashara. Lilikuwa ni miradi. Kwa zaidi ya miaka 20 utafiti wa malaria na ukimwi, pamoja na huduma za TASO, chama kilichoasisiwa mwaka 1987 na Noerine Kaleeba na wenzake, viliajiri madaktari, maafisa tabibu na wauguzi kwa malipo ambayo wilaya haikuweza kuyalipa. Wengi walitoka katika hospitali za Serikali na za misheni zilizo karibu. Kazi waliyoifanya ilikuwa kubwa, na maelfu ya watu wako hai kwa sababu yake. Lakini Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusimamisha misaada ya nje. Kufikia Julai mwaka huo shirika la misaada la USAID lilikuwa limefungwa. Wafanyakazi walipewa barua za kusimamishwa, na mwezi Februari Wizara ya Afya ya Uganda iliagiza kliniki zilizojitenga za ukimwi na kifua kikuu ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Mwajiri aliyeonekana imara kuliko wote wilayani aling'olewa kwa kalamu moja iliyokuwa Washington. Tunalitaja hili kwa sababu katika mabishano ya madaktari husemwa mara nyingi kwamba ukubwa wa shirika ni salama. Ukubwa si salama. Inategemea nani aliyeshika mkoba, na kama anaweza kuulizwa.

Hospitali za misheni zilikuwa na dawa yake ya zamani, yaani wito. Taifa lamkumbuka Dakta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor, Gulu, aliyekuwa na sifa za kumfungulia mlango wowote mjini au ng'ambo, lakini akabaki katika hospitali ya misheni katikati ya vita, na akafariki kwa Ebola tarehe 5 Desemba 2000 akiwa amewauguza wagonjwa wake na wauguzi wake. Askari waijua thamani ya kiongozi asiyekiacha kikosi. Lakini jeshi halipangi vita kwa kutarajia kwamba kila afisa atakuwa shujaa. Hupanga posho, chakula na zamu, na ushujaa ukitokea hupewa nishani. Wizara haiwezi kuvijaza vituo vya Daraja la Nne kwa kuwangoja akina Lukwiya. Hospitali za misheni zenyewe zimeliona hili kwa uchungu: kila mara Serikali ipandishapo mishahara, muuguzi na daktari wao huvua koti na kwenda kuomba kazi wilayani.

Nchi zetu zimekwisha kujaribu kulijibu swali hili kwa amri, na majibu yake yamo katika historia.

Tanzania ilichagua kukataza. Mwaka 1977, miaka kumi baada ya Azimio la Arusha, ilipitishwa sheria ya kudhibiti hospitali za binafsi, iliyozuia utabibu wa kujipatia faida. Tiba ikabaki mikononi mwa Serikali na mashirika yaliyokubaliwa, hasa ya dini. Nia yake ilikuwa njema na hatuoni haya kuisifu, kwamba ugonjwa wa mnyonge usiwe shamba la mwenye nacho. Katika miaka hiyo zahanati zilisambaa katika vijiji vya Tanzania kwa wingi ambao majirani hawakuwa nao. Walakini sheria haikuweza kumlisha daktari. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, kisha ukata wa miaka ya 1980, viliumaliza mshahara. Dawa zikaadimika, madaktari wengine wakahama nchi. Mwaka 1991 sheria ikarekebishwa na daktari mwenye sifa akaruhusiwa tena kufungua kliniki yake.

Kenya ilichagua kuruhusu. Tume ya Ndegwa, katika ripoti yake ya 1971, ilikubali kwamba mtumishi wa Serikali aweza kuwa na biashara yake. Kwa watu wa tiba maana yake ikawa asubuhi katika hospitali ya umma na alasiri katika kliniki ya mjini, na kadiri miaka ilivyopita, asubuhi ikazidi kuwa fupi. Tangu 2013 huduma za afya zikawa chini ya kaunti, na madaktari wa Busia wakawa watumishi wa kaunti. Migomo ikafuata: ule ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100, hata viongozi wa chama cha madaktari wakatiwa gerezani kwa siku chache Februari 2017, na ule wa 2024 ulidumu siku 56. Katika migomo hiyo mlango wa hospitali ya umma ulifungwa na mlango wa kliniki ya binafsi ukabaki wazi, na mara nyingi daktari wa milango hiyo miwili alikuwa mtu mmoja. Mwenye fedha hakusumbuka sana. Asiye nazo, akiwa Busia, alikuwa na njia moja ya kujaribu, nayo ni kuvuka mpaka.

Uganda imekuwa ikienda katikati bila kutamka wazi kwamba iko katikati. Baada ya kufukuzwa kwa Waasia mwaka 1972 na kudorora kwa uchumi kulikofuata, mshahara wa mganga haukutosha hata kwa chakula, naye akaishi kwa kutibu nyuma ya nyumba. Ada za hospitali zilianzishwa katika miaka ya 1990 na zikafutwa Machi 2001. Wagonjwa maskini wakafurika vituoni, jambo lililoonyesha ni wangapi waliokuwa wakiugulia majumbani. Lakini wodi za kulipia katika hospitali kubwa zikaachwa. Mwaka 2022 mshahara wa daktari wa Serikali wa ngazi ya kwanza ulipandishwa kutoka shilingi milioni 3 hadi milioni 5 kwa mwezi. Wengi walitarajia kwamba sasa daktari atatulia kituoni. Wengine wametulia. Lakini fedha ya ziada haikuja na nyumba ya daktari, wala dawa ya usingizi ya kumlaza mama mezani, wala shule ya kumsomeshea mtoto. Daktari ambaye familia yake iko Mbale au Kampala ataendelea kuondoka Alhamisi na kurudi Jumanne.

Hapo ndipo polisi huingia. Tangu mwaka 2009, Ikulu ya Uganda ina kikosi cha kufuatilia dawa na huduma za afya, na maafisa wake, wakifuatana na polisi, wamewakamata wahudumu wengi. Twaomba ndugu zetu polisi watofautishe mambo mawili ambayo katika kitabu cha matukio huandikwa kama jambo moja. Kuna mhudumu aliyechukua dawa zenye alama ya Serikali, zilizopigwa chapa kwamba si za kuuzwa, akazipanga katika kliniki yake. Huyo ni mwizi, na ushahidi wake uko rafuni. Kuna na daktari aliyemaliza zamu yake, akaenda kutibu kwingine kwa dawa alizozinunua mwenyewe. Huyo hakuiba kitu. Na ikiwa aliiacha zamu kabla ya wakati, kosa lake ni la utumishi, na wa kumwadhibu ni mwajiri wake. Akikamatwa mbele ya wagonjwa na kupigwa picha, kijiji kitafurahi kwa siku moja, kisha kituo kitakaa mwaka mzima bila daktari, kwa maana wenzake nao huziona picha hizo. Pingu zaweza kuirudisha dawa iliyoibwa, lakini hazimleti kazini daktari ambaye hakuwapo.

Jeshi nalo limeitwa. Mwezi Novemba 2017, madaktari wa Uganda walipogoma kwa karibu wiki tatu, madaktari wa jeshi walipelekwa mahospitalini kuziba pengo. Walifanya kazi yao na wananchi waliwashukuru. Katika wilaya hii ya Tororo jeshi lina hospitali yake Rubongi, na kama ilivyo katika hospitali nyingi za jeshi, raia hawafukuzwi mlangoni. Daktari wa jeshi ni mwajiriwa wa shirika kubwa kuliko yote tuliyoyataja: hachagui kituo, haachi kazi bila kuruhusiwa, na huenda alikosomeshwa na jeshi lenyewe. Ipo hoja kwamba madaktari wote wangefanywa hivyo. Hatukubaliani nayo. Nguvu ya utaratibu wa jeshi ni kwamba amri hufuatana na chakula, nyumba, gari na mwenzi wa zamu. Ukiichukua amri peke yake ukaipeleka Nagongera, umechukua sehemu iliyo rahisi. Na daktari aliyeondolewa Rubongi kwenda kuziba pengo la mgomo ameacha pengo jingine Rubongi, ambako mgonjwa ni askari au mtoto wa askari.

Kenya ilijaribu kununua madaktari wa kupelekwa ambako wa kwake hawaendi. Mwaka 2018 walifika madaktari 100 kutoka Cuba, wakatawanywa katika kaunti. Tarehe 12 Aprili 2019, mjini Mandera, wawili kati yao walitekwa nyara wakielekea kazini, na polisi aliyekuwa akiwalinda akauawa. Mpango huo ulisitishwa mwaka 2023. Katika mijadala ya gharama za mpango ule zilitajwa nyumba na mishahara ya wageni. Uhai wa yule polisi haukuonekana katika safu yoyote ya hesabu. Pengo la madaktari likiachwa kwa miaka, siku moja hugeuka kuwa jambo la ulinzi, na askari ndiye anayesimama ndani yake.

Nini basi? Maoni yetu ni kwamba vituo vya Daraja la Nne vya mashambani viruhusiwe kwa uwazi kile kinachofanyika kwa kificho. Daktari akae kituoni, katika nyumba ya kituo. Saa za Serikali zijulikane na ziandikwe ukutani. Baada ya saa hizo aruhusiwe kutibu kwa malipo katika chumba cha kituo hicho hicho, kwa bei iliyobandikwa na risiti itolewayo na kituo, sehemu ya fedha ikiwa yake na sehemu ikinunua mafuta ya jenereta na dawa ya usingizi. Uzazi, ajali na mtoto mwenye homa kali visilipiwe saa yoyote. Kwa njia hiyo daktari atapata baadhi ya uhuru wa mwenye kliniki na baadhi ya utulivu wa mwajiriwa, bila ya kuondoka mahali anapohitajiwa.

Tunajua jibu la wapinzani, na ni jibu zito. Watasema kwamba daktari atawachelewesha makusudi wagonjwa wa asubuhi ili wachoke na kurudi jioni na fedha. Yaweza kutokea, katika wodi za kulipia za mijini malalamiko ya namna hiyo hayajapata kukoma. Lakini leo hii mgonjwa wa asubuhi hacheleweshwi kwa kuwa hakuna wa kumchelewesha. Na udanganyifu unaofanyika chini ya paa la kituo, mbele ya muuguzi mkuu, mwenyekiti wa kamati ya kituo na bei iliyobandikwa, ni rahisi kuugundua kuliko ule unaofanyika kilomita nyingi mbali katika kliniki isiyo na kibao. Jambo gumu zaidi ni lile la fedha ya mkulima, na hapo mpango wetu hautoshi: malipo ya jioni Kirewa yatakuwa madogo daima kuliko ya Malaba. Tofauti hiyo yapasa ilipwe na Serikali kuwa posho ya mashambani, na ilipwe kwa wakati. Viongozi wa Afrika walipokutana Abuja mwaka 2001 waliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya. Posho ya madaktari wachache wa Budama si mzigo wa kulishinda taifa lililotia saini ahadi hiyo.

Kwa sasa yuko kijana amalizaye masomo ya udaktari Mbale, katika kitivo cha Chuo Kikuu cha Busitema, chuo ambacho makao yake yako katika wilaya ya Busia. Huenda mama yake ni wa Kirewa. Mwaka 2023 posho ya madaktari walio katika mwaka wa mazoezi nchini Uganda ilishushwa kutoka shilingi milioni 2.5 hadi milioni 1 kwa mwezi. Upande wa pili wa mpaka, baada ya mvutano mrefu, Serikali ya Kenya ilikubali Desemba 2024 kuwalipa wenzao shilingi za Kenya 206,400 kama mkataba wa zamani ulivyosema. Kijana huyo ajua kuhesabu. Kabla hata hajafikiria kliniki au kampuni, amekwisha kuona ni upande upi unaomthamini, na daraja la Malaba si refu.